Chupa Iliyozikwa kwenye Uwele

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne sikulimaliza vizuri. Lakini nifunge macho kwa kitambaa, wapitishe wanawake kumi mbele yangu, nitakuambia nani kajipaka nini, kajipaka tangu lini, na kama asubuhi hiyo alipikia kuni au mkaa. Waliosoma wametundika vyeti ukutani. Mimi cheti changu kiko katikati ya uso, natembea nacho.

Pua hii niliipata kwa kuku. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa, na ukitoka kwenye miaka ile ya rafu tupu, ya kufua kwa majivu na kupanga foleni ya kipande cha sabuni, ulikuwa unaona kama nchi imezaliwa upya. Kila mtu alishika alichoweza. Mimi nilishika kuku. Nilikuwa nawakusanya vijijini, nawapanga kwenye matenga, napanda nao juu ya lori hadi Dar es Salaam. Kuku wa Singida walipendwa kule hata kabla hawajashuka garini. Kuku nilikuwa nawaacha Dar, harufu narudi nayo. Niliwahi kukaa kwenye benchi na dada mmoja pale stendi, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Kaka, samahani, umelala na jogoo?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Moyoni nikaapa kwamba nitaachana na kuku.

Sasa siku moja Kariakoo niliingia kwenye duka la mzee wa Kiarabu aliyeuza mafuta ya marashi kwa kupima. Nilitaka kitu cha kuua harufu ya kuku, basi. Akanipa la kwanza, la maua. Lilikuwa linapiga puani kama kofi. Nikamwambia, "Mzee, hili litagombana na kuku, halitamfunika." Akacheka, akashusha chupa nyingine yenye vumbi. "Hili hawalitaki," akasema. "Wanasema ni poda ya mtoto mchanga. Halina nguvu."

Nikanusa. Ndugu msomaji, nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua.

Kwetu mvua za kwanza zikinyesha migunga huchanua. Maua yake ni vitufe vidogo vya manjano, laini, ukikibinya kimoja kinakuachia unga kidoleni. Harufu yake haikufuati. Ipo pale chini ya mti, na ukiikimbilia huioni. Ukikaa kimya inakuja. Chupa ile ilikuwa hivyo hivyo, na chini yake kulikuwa na kitu kingine nilichokijua, unga wa uwele unapotoka kwenye jiwe la mama ukiwa bado na joto la kusagwa. Yule mzee aliona poda. Mimi niliona nyumbani kwetu. Nikanunua chupa zote mbili, ile ya kofi na ile ya poda, kwa sababu nilishajua bila kufundishwa na mtu kwamba moja peke yake ni kelele na nyingine peke yake ni usingizi. Zilitakiwa zioane.

Kipimo cha kuzichanganya sikisemi hapa. Mtaona kwa nini.

Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa mkali bado. Nikautia kwenye chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, nikauficha ndani ya kilindo cha mama, lile pipa la gome la mti tunalohifadhia nafaka, nikaufukia katikati ya uwele. Niliuficha kwa sababu kila mgeni aliyekuja alitaka kuonja, na kuonja kwa Wanyaturu ni kumaliza. Kisha nikasafiri na kuku. Safari ikafuata safari, nikasahau. Nilipokuja kuifukua, siku arobaini zilikuwa zimepita au zaidi, na ule ukali umekwisha. Sijui uwele uliufanya nini, mimi siyo mkemia. Labda ni ubaridi, labda ni giza. Ninachojua ni kwamba ilikuwa ukijipaka asubuhi linakuja ua kwanza, jepesi, kama mtu anayepita na mzigo wa maua kichwani. Jua likipanda ua linakaa chini. Adhuhuri inabaki poda tupu, laini, imeshikamana na ngozi, mpaka mtu akusogelee ndiyo aipate. Shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Marashi mengine yanapiga hodi. Haya yalikuwa yanakaribisha.

Nikaanza kuyauza mnadani Ikungi. Niliomba zahanati vichupa vitupu vya sindano, tukavichemsha, nikapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Na nilikuwa na namna yangu ya kuuza ambayo hakuna aliyenifundisha. Mwanamke akija namtia tone moja kwenye kiganja, namwambia, "Usinunue sasa, mama. Zunguka mnada, nunua vitunguu vyako, jua likifika hapa rudi." Wenzangu walidhani nina wazimu, kumfukuza mteja. Lakini walikuwa wanarudi! Saa sita mchana wanakuja wananusa kiganja kama mtu anayesoma barua. Wanarudi na dada zao, na wifi zao.

Nikaanza kuota duka mjini. Duka lenye kioo mbele, siyo meza ya magunia, lenye rafu na mimi nyuma yake nimevaa shati jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta, na marashi yale ndiyo yangenifikisha.

Pembeni ya meza yangu alikuwepo rafiki yangu, muuza khanga na kandambili. Alikuwa pia mtani wangu. Mimi Mnyaturu, na kabila lake silitaji, wasije watani wangu wengine wakasema nimewashtaki wote. Mtani, kwa wasiojua, ni mtu ambaye mababu zetu walikubaliana na mababu zake kwamba akikutukana hukasiriki, na akichukua kitu chako msibani humdai. Tulikula sahani moja miaka minne. Alikuwa na mdomo!

"Jamani, njooni mwone mwanaume mzima anauza harufu!" alikuwa akiwapigia kelele wateja wangu. "Mwakani atauza kivuli."

"Mtumwa wangu, nyamaza," namjibu. "Wewe hata kivuli chako umekopa."

Watu wanacheka, na wakicheka wananunua, kwake na kwangu.

Baba yangu alipofariki, mtani alifika kabla ya ndugu wengine. Akalala mlangoni, hakuna kuingia mpaka alipwe. Akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, ule mguu wa kushoto wa kuburuta, akageuka akamwambia mama, "Wewe mwanamke, chai yangu iko wapi?" Mama alikuwa hajafungua kinywa tangu usiku wa msiba. Akacheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, na kilio kikatokea humo humo ndani ya kicheko, kilio kizuri, cha kumwaga. Nilimpenda mtani siku ile kuliko ndugu yangu wa tumbo moja. Hilo nalisema ili mjue.

Kisha akaingia chumba cha ndani. "Marehemu kaacha urithi gani humu? Mimi ndiye mrithi!" Akakiendea kilindo, akatumbukiza mkono hadi begani kama anayechota uwele wa kuiba, jambo ambalo watani hulifanya. Mkono ulipotoka ulikuwa na chupa.

Alifungua kizibo. Mle chumbani walikuwemo akina mama kama kumi na watano wamekaa kwenye mikeka, wamechoka, wana jasho la siku mbili. Harufu ikawapitia. Niliona vichwa vikiinuka kimoja baada ya kingine.

"Jamanieee!" akapiga kelele. "Kumbe wenzetu huku wanapanda marashi kwenye uwele! Mwaka huu mtavuna Singida nzima!"

Nyumba ikaanguka kwa vicheko. Nami nilicheka, nikashika mwimo wa mlango nisidondoke. Ningefanya nini? Nani anakasirika na mtani msibani? Akaondoka na chupa kwapani, haki yake, watu wanamshangilia mpaka barabarani.

Baada ya kuanua matanga akarudi. Siku hiyo hakupiga kelele. Alivua viatu mlangoni, akampa mama shikamoo ya adabu, akakaa kwenye kigoda, akanitolea chupa. Ilikuwa imejaa mpaka pale nilipochora alama kwa msumari. Hakuigusa.

"Mtani," akasema, "utani una mpaka. Hii ni kazi ya mtu. Nimeshindwa kulala nayo."

Machozi yalinitoka, mimi niliyezika baba kwa macho makavu. Nikamwambia kila kitu. Duka la yule mzee wa Kariakoo, siku arobaini, chupa ya kahawia, isijae sana, ifukiwe katikati na siyo juu. Nikamwambia kipimo, matone ya kofi mangapi na ya poda mangapi. Nikamwambia na mpango wangu: nitafanya safari moja ya mwisho ya kuku, nitarudi na mafuta ya kutosha, nitafungua duka la kioo mjini, na yeye ashike minada kwa niaba yangu, tugawane. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Alipoondoka, mama aliyekuwa anapepeta uwele pembeni akasema kwa Kinyaturu, bila kuinua uso, kwamba mtani harudishi.

"Mama, watu wamestaarabika siku hizi," nikamjibu.

"Haya," akasema. Akaendelea kupepeta.

Safari ile ya mwisho ya kuku ilinichelewesha. Lori liliharibika njiani, kuku wengine wakafa, nikakaa Dar karibu miezi miwili nikitafuta mzigo wa kurudia. Niliporudi nilishuka Ikungi siku ya mnada, na madumu yangu mawili ya mafuta, la kofi na la poda, nimeyakumbatia kama mapacha.

Sijafika hata kwenye meza, akanipita mwanamke mwenye kikapu cha vitunguu. Nikasikia ua. Nikatabasamu, mteja wangu huyo. Nikapishana na wa pili, naye hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa msichana aliyebeba kuku, na pua yangu ikagoma. Ua lilikuwa langu, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu. Hakuna mgunga, hakuna unga. Lilikuwa kama mtu unayemjua amevuliwa nguo katikati ya soko. Na jua lilikuwa limeshapanda, saa ambayo ua lilitakiwa liwe limekaa, poda imetoka.

Nikaona meza yake. Khanga zimewekwa pembeni, na mahali pake pamepangwa vichupa vya sindano, safu kwa safu, na bomba kama langu. Mbele yake mama mmoja amenyoosha kiganja, na yeye anamwambia, "Usinunue sasa, mama. Zunguka mnada, nunua vitunguu vyako, jua likifika hapa rudi."

Vichupa ningevumilia, na hata marashi ningevumilia. Lakini maneno yangu, yametoka kinywani kwake yamekamilika, na kile kidole cha kuonyesha jua!

Aliponiona hakushtuka. "Eeeh! Mpisheni mwenye kuku! Mtani wangu kaja, ziba pua!"

Watu wakacheka. Nikamsogelea, nikasema taratibu, "Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Tulikubaliana utani."

"Nilikupa siri nyumbani kwa mama yangu."

"Si nilikurudishia chupa yako?" akasema, sasa hakuna mzaha usoni. "Imejaa. Hata tone sikuiba. Ulinipa mwenyewe, bwana. Na msibani ulicheka mbele za watu, au hukucheka?"

Nilimpeleka kwa wazee. Waliuliza swali moja tu. "Aliiba au ulimpa?" Nikasema nilimpa. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mtani hashtakiwi, kijana. Na aliyepewa hashtakiwi. Sasa huyu tumshtaki mara ngapi?" Wakacheka na wao. Nchi nzima ilikuwa inacheka mwaka ule, isipokuwa mimi.

Na haikuishia hapo. Yule bwana hakuwa na subira ya siku arobaini. Alikuwa akiongeza maji ya waridi, sijui na nini kingine, anachanganya asubuhi anauza mchana. Wanawake wakaanza kuona kwamba marashi hayafiki adhuhuri. Wakaja kulalamika, lakini siyo kwake. Walikuja kwangu, maana habari za msibani zilienea, kila mtu alijua ni ya nani ile chupa ya kwenye uwele. Mama mmoja aliniwekea kichupa kwenye meza kwa kishindo. "Haya marashi yenu ya uweleni," akasema, "yanakufa kabla ya ugali. Binti yangu kaolewa nayo, tumefika kwa wakwe ananuka maji." Nikamweleza siyo mimi niliyeuza. Akaniambia, "Si nyie watani? Mtajuana."

Duka la kioo halikufunguliwa. Yale madumu mawili niliyamwaga nyuma ya choo, na kwa wiki nzima choo chetu kilikuwa ndicho chumba kinachonukia vizuri kuliko vyote Singida. Nikarudi kwa kuku. Kutoka kwa kuku nikaingia kwenye alizeti, na kwenye alizeti Mungu akanifungulia. Leo nina mashine ya kukamulia, nina Fuso mbili, nina nyumba ya bati la rangi na vigae sakafuni, na waliosoma wanakuja kuniomba kazi kwa barua. Sijadhulumu mtu. Hayo nimeyapata kwa mikono hii. Lakini mafuta ya alizeti nauza kwa madumu, yeyote anaweza kuyakamua. Yale marashi yalikuwa yangu.

Miaka ikapita tukiwa tunapishana. Akiniona kwenye gari ananipigia kelele, "Mwenye kuku! Shuka nikunuse!" Mimi napiga honi napita. Watu walidhani tunataniana.

Mwaka jana nikapigiwa simu kwamba amefariki, msiba uko Ihanja alikohamia. Mke wangu akauliza, "Baba watoto, utakwenda?" Nikasema mtani haachi msiba. Nikavaa shati jeupe.

Nilipofika watu walinijua. "Mtani kaja! Jamani mtani kaja, leo tutacheka!" Wakanifungulia njia mpaka mlangoni. Nilitakiwa nilale pale, nidai malipo, nivae kofia yake, niige ule mdomo wake. Nilisimama. Mjane wake alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananiangalia kama mama yangu alivyomwangalia mtani siku ile, anangoja. Nilitafuta utani kifuani kwangu, sikuupata. Kitu pekee kilichonijia kinywani ni hiki:

"Nafaka ya marehemu iko wapi? Mimi ndiye mrithi."

Wakaangua kicheko, angalau. Kilindo siku hizi hakuna, walikuwa na pipa la plastiki lililojaa uwele. Nikakunja mkono wa shati, nikatumbukiza hadi begani. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo mtani anavyofanya. Sikutegemea kitu. Vidole vikagusa kioo.

Chupa ya kahawia, ya dawa ya kikohozi. Haikujaa sana. Nikafungua kizibo, na mle chumbani akina mama wakainua vichwa.

Ilikuwa yenyewe. Ua jepesi, na nyuma yake, inasubiri zamu yake, poda. Kipimo hakikukosewa hata tone, na ilikaa siku arobaini, labda na zaidi. Kumbe alikuwa anajua. Miaka yote ile alijua kuitengeneza kama inavyotakiwa, na akawauzia watu maji, kwa jina langu.

"Hiyo hakuuza," mjane akasema, anatabasamu huku machozi yanamtiririka. "Hiyo ilikuwa yetu sisi wawili, ya kujipaka sikukuu ya Idi tu. Siku nyingine alikuwa akiniambia, mama, usiguse hiyo, hiyo ni ya mtani."

Watu wakapiga makofi. "Ondoka nayo, mtani! Ondoka nayo!" Nikaiweka kwapani, nikatoka mbio kidogo kama inavyopasa, wakanishangilia mpaka kwenye pikapu yangu. Nikafunga vioo. Lile ua lilikaa nami mpaka nusu ya njia, na nilipofika Unyambwa lilikuwa limeshakaa chini, imebaki mgunga na unga wa mama, ndani ya gari lote, kwenye shati, kwenye usukani. Nilisimama pembeni ya barabara, nikalia kwa hasira. Yeye alimchekesha mama yangu. Mimi nilishindwa hata kumpa mke wake kicheko kama kile, alicheka kwa desturi tu.

Chupa iko kabatini kwangu. Sijajipaka, na sijampa mtu. Mjane hajatuma mtu kuidai, naye anaijua mila. Mara mbili nimeishika nikitaka kumpelekea, nivue viatu mlangoni, nikae kwenye kigoda, niseme utani una mpaka. Kisha namkumbuka mama na ungo wake.

Naiweka mahali pake, nafunga kabati.